Mpira Unapodunda, Nishati Inapotea Kiasi Gani? Namna ya Kupima na Kupata Namba ya Kuaminika

Swali

Mtaalamu, nina mpira wa tenisi na gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 20. Nataka kujua kila kimoja kinapoteza nishati kiasi gani kinapogonga chini. Mpira nimeudondosha kutoka mita 1 na kusoma kwa macho unarudi mpaka wapi kwenye tepu niliyobandika ukutani. Mara kumi zimenipa majibu kuanzia sentimita 51 hadi 63. Gololi nayo inaruka vizuri juu ya bonge zito la chuma, lakini juu ya bamba jembamba lililo mezani inafia palepale. Jibu sahihi ni lipi? Simu inaweza kunisaidia? Na vitu viwili vikigongana vyote vikiwa huru kusogea, kama vigari kwenye reli, hesabu ni ileile?

Jibu

Tuanze na bamba jembamba, maana ndilo linalofungua jambo zima. Gololi ni ileile, kimo ni kilekile, ila jibu limebadilika kabisa. Hapo hukukosea kupima. Nishati inayopotea kwenye mgongano si mali ya gololi peke yake wala ya sakafu peke yake. Ni ya vitu viwili vinavyokutana, kwa kasi vinayokutana nayo na kwa halijoto vilivyo nayo wakati huo. Swali "gololi hii inapoteza kiasi gani?" halina jibu mpaka useme inagonga nini.

Tenisi ya meza inalionyesha hili vizuri. Sheria zake zinataka meza iurudishe mpira wa kawaida takriban sentimita 23 ukidondoshwa kutoka sentimita 30. Mpira wenyewe unapokaguliwa, hudondoshwa juu ya bonge la chuma kutoka sentimita 30.5 na hutakiwa urudi sentimita 24 hadi 26. Kwenye meza mpira hubaki na karibu asilimia 77 ya kimo chake, kwenye chuma karibu 82. Mpira haujabadilika. Kilichobadilika ni kitu ulichokigonga.

Sasa namba yenyewe. Tunaiita kizigeu cha mdundo na kuiandika e. Ni kasi ya vitu kuachana, ukigawanya kwa kasi ya kukutana. Ikiwa 1, hakuna kilichopotea. Ikiwa 0, vitu vimekutana na havikuachana tena. Kwa kitu kinachoanguka wima juu ya sakafu isiyosogea, kasi inategemea kipeuo cha pili cha kimo, hivyo:

e = √(h₂ ÷ h₁)

ambapo h₁ ni kimo cha kudondoshea na h₂ ni kimo cha kurudi. Nishati inayobaki ni e², na inayopotea ni 1 − e². Hapa ndipo wengi wanapoteleza: e ikiwa 0.8, mtu husema asilimia 20 imepotea. Hapana, imepotea asilimia 36, kwa sababu nishati mwendo inafuata mraba wa kasi. Kwa mpira wako, ukichukua sentimita 57, e ni 0.755 na nishati iliyopotea ni asilimia 43. Majibu yako ya pembeni, 51 na 63, yanatoa upotevu wa asilimia 49 na 37. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuwa ya mpira. Inatoka kwenye jicho, mkono, na pengine sakafu.

Tukague kimoja kimoja, kwa sababu kila kasoro ina dawa yake.

Jicho kwanza. Mpira unapofika kileleni hautulii. Ukipiga hesabu, unakaa ndani ya sentimita 1 ya kilele chake kwa takriban sekunde 0.09 tu. Jicho halina muda wa kusoma tepu kwa uhakika, na kama uso wako uko juu au chini ya mstari wa kilele, unausoma mpira dhidi ya sehemu ya tepu isiyo yake. Mpira ukiwa sentimita 20 mbele ya ukuta na wewe ukiwa umesimama mita 1.5 kutoka kwenye mpira, macho yakiwa sentimita 50 juu ya kilele, utasoma karibu sentimita 6 au 7 pungufu. Kosa hilo peke yake ni zaidi ya nusu ya tofauti uliyoipata. Kamera ya kawaida ya fremu 30 kwa sekunde inatosha kuliondoa, kwa sababu katika ile sekunde 0.09 itapiga picha mbili au tatu. Iweke kwenye kitu kisichotikisika, usawa wa mahali unapotarajia kilele, angalau mita 2 kutoka kwenye mpira, na tepu iwe karibu na mstari wa kuangukia kadiri inavyowezekana bila kuguswa.

Pili, sifuri yako iko wapi? Vimo vyote viwili lazima vipimwe kutoka sakafuni hadi chini ya mpira, si katikati wala juu yake. Ukipima hadi katikati ya mpira wa tenisi unaongeza karibu sentimita 3.3 kwenye namba zote mbili: 100 na 57 zinakuwa 103.3 na 60.3, na uwiano unapanda kutoka 0.570 hadi 0.584. Ukipima kimo cha kwanza chini ya mpira na cha pili juu yake, kama watu wengi wanavyofanya bila kujua, kosa linakuwa kubwa zaidi. Hapa kuna jambo la kushika: e ni uwiano, kwa hiyo tepu iliyonyooshwa kidogo au kipimo cha video kisicho sawa hujifuta chenyewe, maana kinakosea juu na chini kwa kadiri ileile. Kosa la sifuri halijifuti. Linabaki lote. Sifuri iangaliwe kwa makini kuliko tepu.

Tatu, mkono. Vidole vinapoachia mpira mara nyingi kimoja hutangulia, na mpira unaondoka ukizunguka. Mpira unaozunguka ukigonga chini, msuguano hugeuza mzunguko kuwa mwendo wa pembeni, nao hupaa kwa mshazari. Ushikilie mpira kati ya vidole viwili usawa wa kitovu chake na uvifungue kwa mara moja, au uuning'inize kwa uzi mwembamba na kuukata uzi kwa mkasi. Gololi ya chuma ni rahisi zaidi: sumakuumeme inayozimwa kwa swichi huiachia bila kuisukuma popote. Ikichelewa kidogo kuachia kwa sababu ya usumaku uliobaki, haidhuru, maana kimo hakibadiliki.

Nne, sakafu. Gonga vigae kwa kifundo cha kidole kabla ya kuanza. Kigae kinacholia wazi kina nafasi chini yake, nacho kitakula nishati ambayo kigae cha jirani hakili. Weka alama mahali pamoja na upatumie hapo hapo.

Acha kimo, pima muda

Ukiniuliza njia ipi itakupa namba bora kwa vifaa ulivyonavyo, ni sauti. Kila mdundo unatoa mlio mfupi, na muda kati ya mlio mmoja na unaofuata ni muda mpira uliokuwa angani. Muda huo unafungamana moja kwa moja na kasi ya kuondoka sakafuni: v = g·t ÷ 2. Kimo alichopanda mpira ni h = g·t² ÷ 8, na g ni mita 9.81 kwa sekunde kwa sekunde. Kwa hiyo, kwa midundo miwili inayofuatana,

e = t₂ ÷ t₁

Hakuna kipeuo, hakuna tepu, hata g yenyewe haihitajiki. Mpira wako ukirudi sentimita 57 utakuwa angani sekunde 0.682, e ikibaki 0.755 muda unaofuata utakuwa 0.515, kisha 0.389, kisha 0.293. Simu inarekodi sauti kwa sampuli 44,100 au 48,000 kwa sekunde, yaani hatua moja ni kama milisekunde 0.02. Hata ukikosea kuweka alama kwa nusu milisekunde, kosa kwenye e ni takriban moja kwa elfu. Linganisha na tepu: kukosea sentimita 1 kwenye 57 kunakupa karibu tisa kwa elfu.

Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 20 hadi 30 kutoka mahali pa kugongea. Kitambaa kinazuia mtetemo wa sakafu usipande moja kwa moja kwenye simu na kutoa mlio wa pili. Rekodi kwa muundo usiobanwa, kama WAV; miundo inayobana sauti hupaka ukungu mwanzo wa mlio mkali, na mwanzo huo ndio unaoutaka. Zima kichuja kelele cha simu kama programu inaruhusu, kwa sababu vichujio hivyo vimetengenezwa kutunza sauti ya mtu na kunyamazisha milio mifupi. Fungua faili kwenye Audacity au programu nyingine ya sauti, kuza picha ya mawimbi mpaka uone mstari uliotulia ukianza kuruka, na uweke alama hapo kila mara. Usiweke alama kwenye kilele cha wimbi, maana kilele huhama kadiri mgongano unavyokuwa dhaifu.

Ipo pia programu ya simu ya phyphox, iliyotengenezwa kwenye chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, yenye jaribio tayari la midundo. Ni nzuri kwa kuanzia. Mwangwi wa chumba ukiisumbua, ongeza kiwango cha sauti kinachoianzisha, au rudi kwenye faili na ufanye kwa macho.

Tahadhari tatu kuhusu njia hii. Kwanza, sauti peke yake haijui mpira ulitoka kimo gani mwanzoni. Mlio wa kwanza unaposikika, anguko limekwisha. Ukitaka e ya mdundo wa kwanza, pima h₁ kwa tepu, upate kasi ya kugonga kwa √(2·g·h₁), ambayo kwa mita 1 ni mita 4.43 kwa sekunde, kisha uchukue kasi ya kuondoka, uliyoipata kutokana na muda, na uigawanye kwa kasi hiyo ya kugonga. Pili, kutoka mwanzo wa mlio hadi mwanzo wa mlio unaofuata kuna muda wa angani pamoja na muda mpira uliokuwa umebonyea sakafuni. Kwa mpira wa tenisi muda huo ni kama milisekunde 5. Kwenye midundo mirefu hauonekani, lakini kwenye midundo midogo ya mwisho unakuwa sehemu kubwa. Muda wa kweli wa 0.094 na 0.071 utausoma kama 0.099 na 0.076, na e itaonekana 0.768 badala ya 0.755. Toa milisekunde 5 kwenye kila muda kabla ya kugawanya, au tumia midundo mitatu ya kwanza tu. Tatu, njia hii inaona mwendo wa wima peke yake. Mpira ukihama kidogo kwenda pembeni, muda wa angani haubadiliki, na hilo ni faida. Lakini nishati ya mwendo wa pembeni na ya mzunguko hutaiona kabisa.

Video ya fremu 120 au 240 kwa sekunde ina nafasi yake pale unapotaka kuona kasi kabla na baada ya mgongano mmojammoja, hasa kama kitu hakiangukii wima. Programu ya bure ya Tracker inafanya kazi hiyo. Washa taa kali, kwa sababu kwenye mwanga hafifu shata, yaani kilango cha kamera cha kuingizia mwanga, hukaa wazi muda wote wa fremu: kwa 1/240 ya sekunde mpira wenye kasi ya 4.43 unachora mstari wa milimita 18, na hujui ukingo wake uko wapi. Shata ikifupishwa hadi 1/1000 mstari huo unakuwa milimita 4 na nusu. Kosa lingine lililojificha ni kuchukua wastani wa kasi kwenye fremu nane kabla na nane baada, kisha kugawanya. Wastani huo ni kasi ya katikati ya kipande hicho, milisekunde 17 mbali na mgongano, na mvutano wa dunia umekwisha kuibadilisha kwa mita 0.16 kwa sekunde kila upande. Kwa mpira wako e ingeshuka hadi 0.746. Ongeza ile 0.16 pande zote mbili, au uiambie programu ichore mkunjo wa anguko badala ya mstari ulionyooka.

Gololi na bamba jembamba

Turudi kwenye gololi. Ina gramu 33 hivi, na ikigonga chuma inakaa nacho kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, chini ya milisekunde 1. Bamba jembamba linapogongwa linapinda pale pale, na mpindo unasambaa kama mawimbi kuelekea kingo. Gololi inaondoka kabla mawimbi hayajarudi kutoka kingoni, kwa hiyo nishati iliyoingia kwenye bamba haipati nafasi ya kumsukuma mgeni wake arudi juu. Mwaka 1941 mwanafizikia Clarence Zener alionyesha kwa hesabu kwamba bamba pana na jembamba humeza nishati kwa njia hii hata kama hakuna kilichobonyea moja kwa moja wala kupata joto kwa msuguano. Bamba lako halina kasoro. Unapima bamba na meza kwa pamoja.

Ukitaka kujua mgongano wenyewe wa chuma kwa chuma, tumia bonge lenye unene wa mara kadhaa ya kipenyo cha gololi, yaani sentimita 8 hadi 10, na uzito wa kilo kadhaa. Lilalie plasta mbichi au grisi nzito juu ya sakafu ya zege ili pasiwe na nafasi chini yake. Bonge linalocheza hata kidogo huongeza mlio wa pili, na e inashuka bila mpangilio. Ukisikia mlio wa kengele unaoendelea baada ya kugonga, nishati yako imeingia kwenye mtetemo. Sauti unayoisikia ni sehemu ndogo sana ya upotevu, lakini ni shahidi mzuri.

Jambo la pili kwenye gololi: chuma huanza kubonyea moja kwa moja kwenye kasi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kutoka kimo cha mita 1 gololi ngumu inaacha kidimbwi kidogo kwenye chuma laini, na kutengeneza kidimbwi kumegharimu nishati. Ukiigonga tena palepale, chuma kimekwisha kukaza na shimo limekwisha kuchimbwa, hivyo gololi inaruka juu zaidi. Mtu akipima mara kumi mahali pamoja anaona e ikipanda na kudhani mkono wake umezoea. Sogeza bonge milimita 5 kila mara, na upunguze kimo hadi sentimita 30. Kama unataka migongano mingi ya kasi ndogo bila kusumbuka na kudondosha, ining'inize gololi kwa nyuzi mbili kama penduli igonge uso wa wima wa bonge. Hapo e = sin(θ₂ ÷ 2) ÷ sin(θ₁ ÷ 2), θ zikiwa pembe za kuachia na kurudi kutoka wima. Nyuzi mbili zinaizuia isizunguke.

Penduli ndiyo njia aliyoitumia Newton, na katika kitabu chake kikuu cha 1687 aliandika kwamba mipira ya sufu iliyokazwa iliachana kwa 5/9 ya kasi ya kukutana, na ya kioo kwa 15/16. Kwa nishati, sufu ilibaki na asilimia 31, kioo na asilimia 88. Alichofanya kwa uangalifu, na wengi leo hawakifanyi, ni kuondoa kwanza mchango wa hewa kwa kuiacha penduli ibembee bila kugonga chochote na kuona inapungua kiasi gani.

Hewa hiyo nawe ikuhusu. Mpira wa tenisi kutoka mita 1 hugonga chini huku ukinzani wa hewa ukiwa takriban asilimia 3.5 ya uzito wake. Kwenye anguko lote inakula kama asilimia 1.7 ya nishati, na kwenye kupanda karibu asilimia 1. Kwa hiyo mgongano wenyewe una e inayokaribia 0.765, si 0.755. Kwa gololi hewa ni sifuri kwa hesabu zetu. Kwa mpira wa tenisi ya meza wenye gramu 2.7 ni balaa: kutoka mita 1 hewa inakula karibu asilimia 13 ya nishati kabla mpira haujagusa chochote, ilhali kutoka sentimita 30 ni kama 4. Vitu vyepesi vidondoshwe kutoka chini.

Usitegemee e moja kwa kasi zote

Pima kutoka sentimita 20, 40, 60, 80 na 100, kila kimo mara kumi, na uchore h₂ dhidi ya h₁. Kama e haibadiliki na sifuri yako ni sawa, nukta zitalala kwenye mstari unaopita kwenye sifuri, na mteremko wake ni e². Mstari ukikata mhimili juu au chini ya sifuri, una kosa la sifuri, rudi kaipime upya. Ukijipinda kuelekea chini kwenye vimo vikubwa, hilo si kosa: kwa karibu kila kitu, e hushuka kasi ikipanda. Mpira hubonyea zaidi na msuguano wa ndani wa raba hula zaidi. Metali inayobonyea moja kwa moja, kwa kasi za kutosha, hufuata takriban v kwa kipeo cha −1/4. Ndiyo maana sheria za tenisi zinataja kimo kimoja: mpira wa aina ya kawaida, ukidondoshwa kutoka sentimita 254 juu ya sehemu ngumu, urudi sentimita 135 hadi 147, yaani e kati ya 0.729 na 0.761. Halijoto ya jaribio nayo imetajwa, na mpira hubanwa mara kadhaa kabla ili ukakamavu wa kukaa kwenye kopo utoke. Raba baridi hudunda kidogo. Mwache mpira chumbani saa kadhaa kabla ya kupima, na uusukume kwa mkono mara chache.

Usijaribu kukamata nishati iliyopotea kwa kipimajoto. Mpira wako unapoteza kama jouli 0.25 kwa kila mgongano wa kutoka mita 1, na hata zote zikibaki ndani yake kama joto, utapanda chini ya 3 kwa elfu ya nyuzi moja. Mpira wa skwoshi hupata joto mchezoni kwa sababu unapigwa kwa nguvu nyingi, mara nyingi, bila kupumzika.

Vitu viwili vinavyosogea

Hesabu si ileile. Maana ya e haibadiliki, kasi ya kuachana kwa kasi ya kukutana, lakini 1 − e² sasa ni sehemu ya nishati ya mwendo wa kukaribiana tu. Kiasi kilichopotea ni

½ · [m₁·m₂ ÷ (m₁ + m₂)] · (1 − e²) · u²

ambapo m₁ na m₂ ni tungamo za vitu hivyo viwili na u ni kasi ya kukaribiana. Chukua kigari cha kilo 0.500 kinachokwenda mita 0.80 kwa sekunde kikigonga cha kilo 0.300 kilichosimama, e ikiwa 0.6. Tungamo kwenye mabano ni kilo 0.1875, na kilichopotea ni jouli 0.0384. Nishati ya mwanzo ilikuwa 0.16, kwa hiyo imepotea asilimia 24, si 64 kama 1 − e² ingekudanganya. Hata vigari vikigandana kabisa, visingepoteza zaidi ya asilimia 37.5, maana momentamu, yaani tungamo mara kasi, lazima ibaki na vitu viendelee kwenda.

Pima kasi kwa vihisi vya mwanga karibu na mahali pa kugongana, lakini kila kigari kiwe kimetoka kabisa kwenye kihisi kabla ya kugusa mwenzake. Pitisha kigari mara chache bila kugonga kitu uone msuguano wa reli unakipunguza kiasi gani kati ya vihisi viwili, na utoe kiasi hicho. Kisha, kabla ya kugusa nishati, kagua momentamu: kabla 0.400, baada 0.5 × 0.32 + 0.3 × 0.80, ambayo pia ni 0.400. Ikitofautiana zaidi ya asilimia 2, kuna reli iliyoinama, kasi uliyoisoma vibaya, au kigari kilichoruka. Usiendelee.

Na usipate upotevu kwa kutoa nishati ya baada kwenye nishati ya kabla. Ukiwa na kosa la asilimia 1 kwenye kila kasi, 0.1600 toa 0.1216 inakupa 0.0384 yenye mashaka ya karibu asilimia 10, kwa sababu umetoa namba mbili zinazokaribiana. Kanuni niliyoandika hapo juu, kwa kasi zilezile, inashusha mashaka hadi karibu asilimia 4, kwani tayari inajua kwamba momentamu imehifadhiwa.

Ukimaliza, andika matokeo pamoja na kila kitu kilichoyazaa. Kwa mpira wako inaweza kuwa hivi: "e = 0.755 ± 0.004, wastani wa midundo 10, mpira wa tenisi wa gramu 58 juu ya zege, kasi ya kugonga mita 4.4 kwa sekunde, nyuzi 23, njia ya sauti, hewa haijaondolewa." Na usitupe jaribio kwa sababu tu limetoka chini ya mengine. Tupa lile ulilosikia mlio mara mbili, au uliloona mpira ukiondoka mkononi ukizunguka, na uandike kwamba umelitupa.